Somo, niuze vikuku vyangu mwanangu akapande farasi?

Assalaam aleykum, Somo. Shikamoo.

Nakuandikia usiku, watu wamelala, na naandika kwa simu, kwa hivyo nisamehe maneno yakipanda na kushuka. Mimi ni mke wa fundi seremala hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Tuna watoto watatu. Wa kati ni mvulana, alitimiza miaka saba mfungo mosi uliopita.

Mwanangu huyu alizaliwa kwa taabu. Uchungu ulinishika siku mbili, na alipotoka hakulia. Wakunga walihangaika naye mpaka akatoa sauti, tukasema alhamdulillahi, yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Miezi kumi ikafika shingo haijakaza. Tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Sasa hukaa akiegemezwa mito. Mkono wa kulia unamsikia, wa kushoto hukunjika kifuani, na miguu hujifunga kama mkasi kila ninapomvisha. Maneno yake ni machache lakini anaelewa yote, na ukimtania atakurudishia kwa macho. Anakunywa dawa ya kifafa. Mara ya mwisho kuanguka ilikuwa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Shuleni hajaenda bado, tunangoja akaze kidogo.

Sasa hili la farasi. Kaka yangu aliye Ujerumani alinitumia video ya mtoto kama wangu, miguu ileile, amekaa juu ya farasi na watu wamemzunguka, amenyooka kama mlingoti. Niliitazama mpaka bando likaisha. Shemeji yangu, mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, akasema mbona hata Malindi kuna bwana ana farasi wawili, hupandisha wageni ufukweni, na siku hizi anafanya na tiba. Nikampigia. Akaniambia mara moja ni shilingi 1,500 kwa nusu saa, na mtoto wangu atahitaji mara 30, jumla 45,000, lakini nikilipa zote kwa mkupuo ataniachia kwa 40,000. Akasema kuna mtoto aliletwa amebebwa akaondoka kwa miguu yake. Somo, maneno hayo yaliniingia kama maji ya mtungi wakati wa kufuturu. Kuhusu mwanangu hakuniuliza kitu, ila tutafika lini.

Nina vikuku viwili vya dhahabu vya mahari yangu. Sonara ameshavipima.

Kabla sijavitoa likazuka jingine. Mjomba wangu ana punda wanne wa kubeba mchanga na saruji. Ijumaa moja alimpandisha mwanangu juu ya yule mkubwa, akamshika kiunoni, wakaenda hadi gatini na kurudi. Mtoto alicheka njia nzima. Nilipomshusha, miguu ile ya mkasi ilikuwa laini, nikamvisha suruali bila kushindana naye. Nilidhani naota. Tangu siku hiyo punda akilia nje, yeye huniambia "Nda! Nda!" na kunielekeza mlangoni.

Mume wangu alisikia habari hiyo msikitini, kwa watu. Alirudi amevimba. Akasema, "Mwanangu si gunia la saruji." Akasema watu walikuwa wamekaa mabarazani wakitazama. Cha ajabu ni kwamba farasi wa Malindi anamkubali, wa kuuziwa vikuku. Punda wa mlangoni, wa bure, hamtaki. Na mama mkwe asema nisitafute makubwa, nimwachie Mungu.

Nisaidie, Somo. Ni kweli farasi humfanya mtoto atembee? Niuze vikuku? Na punda je, nilifanya makosa?

Mama wa Langoni


SOMO AJIBU

Wa aleykum salaam, mwanangu. Marahaba.

Vikuku virudishe sandukuni. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua masonara wa Lamu hawachelewi kufungua duka, na barua yangu yaweza kuchelewa. Sasa keti tuzungumze.

Video ya kaka yako si uongo. Aliyekaa juu ya farasi anayetembea, sisemi anayekimbia, anayetembea kwa hatua zake za kawaida, hasogezwi juu na chini peke yake. Mgongo wa farasi humpeleka mbele na kumrudisha, humwinamisha kushoto na kulia, na humzungusha kidogo kila mguu wa nyuma unapokanyaga. Nyonga za mtoto hufuata, na mwendo unaozipata unakaribiana sana na ule wa mtu anayetembea kwa miguu yake. Mwanao hajapata kuuonja mwendo huo katika maisha yake. Juu ya farasi anauonja hatua kama mia moja kwa dakika, na kila hatua kiwiliwili chake kinalazimika kujirekebisha asianguke. Dakika ishirini hivi, hebu zidisha mwenyewe. Hakuna mtaalamu awezaye kumtikisa mtoto kwa mpangilio huo kwa mikono yake juu ya mkeka mara elfu mbili.

Tena farasi ana joto la nyuzi kama 38, juu kidogo ya letu, na kukaa juu yake kunayapanua mapaja. Joto, mapaja yaliyopanuka na mwendo wa taratibu hulegeza misuli iliyokaza. Kwa hivyo suruali ile haikuwa ndoto. Ila ulegevu huo ni wa muda, misuli itarudi kukaza, na hilo si ishara kwamba umekosea au kwamba punda hakufaa.

Tafiti juu ya watoto wenye mtindio wa ubongo zipo, na nyingi zimeona mizani ya mwili ikiboreka, mtoto akikaa vizuri zaidi, wengine wakipata nafuu katika kusimama na kupiga hatua ikiwa walikuwa na uwezo huo kidogo tangu mwanzo. Zilizo nyingi ni ndogo na hazikubaliani kwa kila jambo. Kwa kawaida ni mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki nane hadi kumi na mbili, pamoja na mazoezi mengine, si badala yake. Mtindio ni jeraha lililompata mtoto kwenye ubongo uliokuwa bado unakua. Farasi hafiki huko.

Nikupe mfano ambao watu wa farasi wenyewe hupenda kuutoa. Lis Hartel, mama wa Denmark, alipata polio mwaka 1944 akiwa na mimba. Alirudi juu ya farasi kwa ukaidi mtupu, na mwaka 1952 kule Helsinki akachukua medali ya fedha ya Olimpiki katika ule mchezo wa kumwendesha farasi kwa madaha, mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana humo na wanaume. Mwaka 1956 akachukua fedha tena. Habari yake iliwasha moto Ulaya, na vituo vya kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu vikaanza kuota; chama cha Uingereza cha kazi hiyo kikaundwa mwaka 1969. Wengi wanaoisimulia huishia kwenye medali. Mimi nakuongezea kipande wanachokiruka: miguu ya Lis Hartel chini ya magoti haikurudi. Alikuwa akipandishwa na kushushwa na watu, hata siku za medali. Ikiwa farasi hakumrudishia miguu bingwa wa namna hiyo, yule bwana wa ufukweni amwahidi nini mwanao kwa mara 30?

Na hapa kuna kazi mbili ambazo majina yake huchanganywa, wakati mwingine kwa kutojua, wakati mwingine kwa makusudi. Ya kwanza ni tiba hasa. Mwenye kazi hapo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au wa matamshi, aliyesomea mwili wa binadamu. Farasi ni kifaa chake kama vile mpira au mkeka. Mtoto hafundishwi kupanda. Mtaalamu ndiye anayeamua akae akitazama mbele au nyuma, farasi aende moja kwa moja au azunguke, asimame lini. Ya pili ni kupanda farasi kwa mtu mwenye ulemavu: hapo kuna mwalimu wa farasi, mtoto hujifunza kushika hatamu na kumgeuza mnyama, na kusudi ni ujuzi, furaha na kujiamini. Zote ni kazi njema. Kuna na ya tatu, nayo ni kumpandisha mtu farasi ufukweni akapigwe picha. Hiyo si dhambi, ila bei yake isiwe bei ya tiba.

Sasa nimpime bwana wa Malindi kwa maneno yako mwenyewe. Mtu anayejua kazi hii angekuuliza mtoto ana kilo ngapi, shingo yake inajishika kwa muda gani, ameanguka kifafa lini, nyonga zake zimepigwa picha au la, ana vidonda vya kukalia au hana. Angetaka barua ya daktari kabla hajakutajia pesa. Angekuambia ana watu watatu kwa mtoto mmoja: mmoja wa kumwongoza farasi, wawili wa kutembea ubavuni, kila mmoja na mkono wake kwenye paja la mtoto. Angekuambia kuhusu kofia ngumu. Na kumpandisha mtoto huyo angehitaji jukwaa au ngazi, maana huwezi kumrusha mtoto mwenye miguu ya mkasi juu ya farasi kama unavyorusha mkungu wa ndizi kwenye mashua. Yeye alikuuliza tutaonana lini, akakupa na punguzo. Simjui, na huenda farasi wake ni wapole kuliko yeye. Lakini arubaini elfu zako hajazifanyia kazi hata kwa maneno.

Halafu kuna safari. Mashua hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, saa nyingi mtoto amekunjwa mapajani mwako, jua na vizuizi vya barabarani, kisha nusu saa ya farasi, kisha urudi. Mara thelathini! Misuli iliyolegezwa Malindi itakuwa imeshakaza kabla hamjaiona Minjila. Hiyo nauli pekee hukuihesabu kwenye ile 45,000, nami sikulaumu, mama akitafuta dawa hesabu humpotea.

Nikifika hapa nataka uache kufikiria farasi kidogo, kwa sababu kuna mambo mawili katika barua yako uliyoyapita mbio na mimi nimesimama nayo.

La kwanza ni nyonga. Takriban theluthi moja ya watoto wenye mtindio wa ubongo nyonga zao huanza kuteguka polepole, na wasiotembea ndio walio hatarini zaidi. Misuli ya mapaja inayovuta miguu kama mkasi ndiyo hiyohiyo inayousukuma mfupa wa paja utoke tunduni mwake. Huanza bila maumivu, ndiyo ubaya wake. Tazama kama mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwengine, kama paja moja linafunguka kidogo kuliko la pili, kama hulia ukimvisha upande mmoja. Lakini usiridhike na macho; omba picha ya eksirei ya nyonga, na mtaalamu aisome. Nyonga iliyoanza kutoka haipandishwi farasi wala punda mpaka daktari wa mifupa aseme. Kama kuna shilingi ya kwanza ya kutoka katika nyumba yako, itoke kwa picha hiyo.

Na kifafa nacho. Mtoto aliyeanguka karibuni hapandi mnyama mpaka daktari wake aridhike kwamba dawa imekidhibiti. Anayeanguka akiwa mkekani huanguka mkekani. Anayeanguka akiwa juu ya mnyama huanguka mara mbili. Kwa hivyo ile Ijumaa ya mjomba, mwanangu, ilikuwa njema kwa sababu Mungu aliistiri. Sikuambii ili ujilaumu, nakuambia ili ya pili isiwe kwa bahati. (Na wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa Down wanaosoma hapa: hao huangaliwa shingo kwanza, kwa sababu kwa baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo haikushikana imara.)

La pili ni shule. "Tunangoja akaze kidogo." Mnangoja nini? Miguu haisomi. Mtoto anayekurudishia utani kwa macho ana akili iliyokaa bila kazi. Nenda kituo cha EARC, vile vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza Kenya tangu 1984; ofisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza. Hawatakuuliza kama anatembea. Na mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi yake, maana misaada ya vifaa na karo hupitia hapo. Haya ya makaratasi nayapita upesi kwa kuwa yanachosha, si kwa kuwa ni madogo.

Haya, turudi kwa "Nda".

Mimi nimezaliwa katika mji ambao punda ndiye lori, ndiye teksi, na zamani ndiye aliyempeleka mzazi mwenye uchungu kwa mkunga. Bado tunasema fadhila za punda ni mashuzi, na mtu aliyetunga maneno hayo bila shaka alikuwa amekula chakula kilichobebwa na punda. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hapa Lamu hawalijui. Ile kliniki ya punda ya hapa mjini, iliyofunguliwa 1987 kutibu punda wa watu bila malipo, ililetwa na shirika la Kiingereza, The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa mwaka 1969 na mama mmoja aitwaye Elisabeth Svendsen. Mama huyohuyo, huko kwao Devon, katika miaka ya 1970 alijenga kituo cha kuwapandisha punda watoto wenye ulemavu. Yaani mkono uliomtibu punda wa mjomba wako na mkono uliompandisha mtoto kama wako ni wa mwili mmoja. Kwa hivyo hukufanya jambo la kihuni. Ulifanya jambo linalojulikana, bila kulijua.

Tofauti ipo lakini, nami siifichi. Mgongo wa punda ni mwembamba na hatua yake fupi, kwa hivyo mwendo anaoutoa si ule wa farasi, na tafiti zake ni chache mno. Kwa mtoto ambaye mapaja yake hayafunguki sana, huo wembamba waweza hata kuwa heri ya kuanzia. Na tabia yake nayo ni nyingine: farasi akishtuka hukimbia, punda mara nyingi husimama kwanza akafikiri. Sisemi harushi teke. Waulize watoto wa Langoni.

Hata wale wa Devon baadaye waligeuza mambo, kazi yao kubwa wakaifanya chini na si mgongoni: mtoto anamsugua punda, anampa maji, anamwongoza kwa kamba, anazungumza naye. Na huku ndiko ningependa uanze wewe, kesho asubuhi kama mjomba yupo, bila kungoja eksirei wala daktari. Mkalishe mwanao kwenye kiti chake karibu na bega la punda, mbali na miguu ya nyuma. Mfungie brashi mkononi, tena ule mkono wa kushoto uliokunjika, wewe ukimsaidia kiwiko, asugue shingo ya punda. Mkono ambao haukubali kunyooka kwa mtaalamu aweza kuunyoosha kwa rafiki yake. Halafu lile neno. Mwambie mjomba amsogeze punda hatua tano kisha asimame, na asiondoke tena mpaka mtoto aseme "nda". Akisema, punda aende. Leo atasema nda, baada ya miezi labda "punda", labda "twende", labda "tena". Watu wa matamshi hufanya vivyo hivyo na farasi: sauti ya mtoto ndiyo ufunguo wa gari.

Kupanda kwenyewe kungoje majibu ya nyonga na ruhusa ya daktari wa kifafa. Ikikubaliwa, mwombe mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ya kaunti aje kuona mara ya kwanza. Wengi wao hawajapata kuombwa, na utashangaa jinsi watakavyofurahi kutoka ofisini. Achaguliwe punda mtu mzima, zaidi ya miaka minne, asiye na kidonda mgongoni, na asiyetoka kubeba saruji asubuhi hiyo. Mwanao ni mwepesi, hana tabu. Hesabu ya watu wa punda ni kwamba mpandaji asizidi kilo 50. Soji, lile tandiko la mizigo, iondolewe, liwekwe blanketi nene lililokunjwa na mshipi wa tumbo wa kulishika. Kofia ya pikipiki ni nzito kwa shingo yake, tafuta nyepesi ya kupandia farasi, na ikikosekana ya baiskeli ni afadhali kuliko kichwa wazi. Mjomba mbele na kamba, mtu kushoto, mtu kulia. Wala usimfunge mtoto kwa leso au kamba juu ya punda ukadhani umemlinda: punda akianguka, humwangukia aliyefungwa.

Dakika kumi zatosha mwanzoni. Kichwa kikianza kulala, mate yakizidi, au akielemea upande mmoja, amechoka, mshushe hata kama anataka zaidi. Njia iwe pana na tambarare. Usita wa Mui saa ya soko haufai, na mikokoteni ile! Maji yakitoka, mchanga mgumu wa kuelekea Shela asubuhi mapema, hapo ndipo.

Sasa mume wako. Mwanangu, hasira yake sidhani ni ya punda. Mtu aliyeambiwa habari za mwanawe na wenziwe msikitini, tena mbele ya watu, atavimba hata kama habari yenyewe ni ya heri. Hapo ulikosea wewe na mjomba wako, na ukimwomba radhi kwa hilo peke yake, bila kugusa la punda, utaona uso unafunguka. Neno lake, "mwanangu si gunia la saruji", mimi nililisoma mara tatu. Ni neno la baba anayempenda mtoto na hajui afanye nini na mikono yake. Na huyo ni seremala! Mikono yake yafanya milango ya watu, mtoto wake amekaa kwenye mito.

Mpe kazi. Mwambie mwanao anahitaji kiti cha pembe, kile chenye mbao mbili za mgongo zilizokutana kama kona ya ukuta, na kipande cha gogo laini katikati ya mapaja kuizuia ile miguu isijifunge. Baadaye fremu ya kusimamia, yenye ubao wa kifua na mikanda ya magoti. Mtaalamu wa mazoezi atampa vipimo, yeye atatoa mbao. Wakati huohuo mwonyeshe kuvingirisha godoro dogo likawa kama mgongo wa mnyama, mtoto akalikalia akitanua miguu huku babake amemshika nyonga na kumyumbisha taratibu kushoto na kulia. Baba akishamyumbisha mwanawe kwenye godoro wiki mbili, la punda utamwachia yeye alianzishe.

Na akirudi kwenye aibu ya watu, mkumbushe mashindano ya punda wakati wa Maulidi. Kijana anayeshinda hubebwa mabegani mji mzima ukishangilia, na hakuna anayemwita gunia. Mama mkwe naye usibishane naye. Anayemwachia Mungu hakatazwi kufunga ngamia wake kwanza, na hilo analijua kuliko mimi.

Kuhusu vikuku, lugha yetu yenyewe inacheka: kile chuma cha kukanyagia unapopanda farasi nacho huitwa kikuku. Usiuze viwili vya mkononi ukanunue kimoja cha mguuni ambacho mguu wa mwanao haujaweza kukikanyaga. Kama siku moja mtakuwa Malindi kwa shughuli nyingine, daktari amekubali, na yule bwana ana watu wa kumshika mtoto pande mbili, mpandishe mara moja kwa 1,500 acheke. Hiyo ni bei ya kicheko, nayo si ghali.

Limebaki moja, la kumpandisha. Nimetaja jukwaa, na najua mtaanza kuulizana mbao. Kwa punda hamlihitaji. Nyumba yenu, kama za Langoni nyingi, bila shaka ina baraza ya mawe nje ya mlango. Mjomba amsogeze punda ubavuni kwa baraza, babake asimame juu ya baraza amembeba mtoto, amfungue miguu kwa utulivu ndani ya mikono yake, kisha amteremshe mgongoni bila kumrusha. Mwambie mume wako aipime urefu kwanza, ifike kwenye tumbo la punda au juu kidogo. Na wale waliokuwa wamekaa hapo wakitazama, siku hiyo waambieni wasogee kidogo.

Somo